Mwenye Kuogopa Sindano

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mkristu wa parokia yetu na baba wa watoto wanne, alitujia Jumamosi moja baada ya mafundisho ya wakatekumeni, akaomba kusema nasi peke yake. Tuliketi barazani pa kanisa. Kwanza alizungumza habari za mvua, na za mishahara ya walimu isiyolipwa, kama ilivyo desturi. Kisha alinyamaza. Kisha akasema: "Ndugu katekista, nadhani mimi nimekwisha kufa."

Habari yake ilikuwa hii. Mwezi wa pili aling'olewa jino katika dispensari. Mwuguzi alitwaa koleo katika sahani ya chuma iliyofunikwa kwa kitambaa. Mwalimu hakuona koleo hilo likitoka katika maji ya moto. Tena mgonjwa aliyemtangulia alikuwa mtu mwembamba sana, mwenye kukohoa. Ni hayo tu, hapakuwa na neno lingine. Lakini usiku ule mwalimu hakulala, kwa maana wazo lilikuwa limemwingia ya kwamba damu ya yule mtu ilibaki katika koleo, na ya kwamba yeye sasa ana virusi vya sida, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita ukimwi.

Alipimwa damu baada ya majuma sita: hakuna kitu. Alipimwa baada ya miezi mitatu: hakuna kitu. Mtu mwingine angalimshukuru Mungu na kurudi kazini. Yeye alirudi nyumbani akijiuliza: je, kama walibadilisha chupa za damu? Alipanda gari mpaka mji mwingine, asikojulikana, akapimwa huko. Hakuna kitu. Je, kama dawa ya kupimia iliharibika kwa joto? Kila asubuhi aliutazama ulimi wake katika kioo, akajipapasa shingo kutafuta uvimbe. Na kwa kupapasa mno shingo ikauma, na yale maumivu yakawa kwake ushahidi mpya. Fedha ya masomo ya mtoto wake wa kwanza ilikwisha kwa njia hiyo.

Tulimjibu nini? Twaona haya kuandika, lakini tusipoandika maneno haya yote hayatafaa kitu. Tulimwambia ya kwamba hofu ni upungufu wa imani, asali Rozari, aache mawazo ya bure. Alitabasamu, akatushukuru kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi kwetu muda wa miezi saba.

Basi tuulize kwa taratibu, kama tulivyozoezwa seminarini: je, mtu aogopaye kupata sida kwa mkono wa mganga au wa mwuguzi, huogopa bure kabisa?

La. Haifai kumwambia hivyo, hasa katika nchi yetu ya Congo. Wazee wanakumbuka zamani za Wabelgiji, wakati waganga walipopita vijijini kutafuta wagonjwa wa malale, na watu kupangwa mstari, na sindano chache za kioo kutumika kwa watu wengi. Wataalamu kadhaa wa siku hizi hufikiri ya kwamba sindano za namna hiyo zilisaidia kutawanya virusi vya sida pasipo mtu kujua, kwa maana wakati ule hakuna aliyejua ya kwamba virusi hivi vipo. Damu iliyotunzwa tangu mwaka 1959, iliyotolewa kwa mtu mmoja wa Kinshasa (wakati ule Léopoldville), ilipochunguzwa baadaye ilionekana kuwa na virusi hivyo. Ugonjwa ulikuwa kati yetu miaka mingi kabla ya kupewa jina.

Tena yuko Yambuku. Hospitali ya Yambuku, huko Equateur, ilikuwa hospitali ya misheni, yenye masista wema waliofanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1976, kila asubuhi, zilitolewa sindano 5 kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku ile waliotoka vijijini kutafuta dawa. Baada ya mgonjwa mmoja sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, ikamwingia mwingine. Ndipo ugonjwa wa Ebola ulipoingia. Watu 318 waliugua, 280 kati yao walikufa, na masista na wauguzi walikufa pamoja na wagonjwa wao. Hospitali ilipofungwa, ugonjwa ulianza kupungua. Hapakuwa na mtu mbaya pale Yambuku. Palikuwa na umaskini, na haraka, na wagonjwa wengi mlangoni, na kutokujua. Kila mtu awezaye kusoma habari ile bila kutetemeka, hatumwelewi.

Kwa hiyo mwenye kuogopa ana babu na bibi wa hofu yake; haikuanguka kutoka mawinguni. Na sisi tulipomwambia mwalimu "mawazo ya bure", hatukusema kweli. Alijua zaidi kuliko sisi, kwa maana alikuwa amesoma.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mwaka 2000 wataalamu walikadiria ya kwamba katika nchi maskini na zenye mapato ya kadiri, sindano karibu 40 katika kila 100 zilitumika tena bila kusafishwa ipasavyo. Mwaka 2010 zilikuwa 5 au 6 katika 100. Sindano za kutupwa baada ya kazi moja zimeenea hata vijijini, na kwa chanjo za watoto hutumika zile zinazojifunga zenyewe, hata mtu akitaka kuzitumia mara ya pili hawezi. Virusi vya sida ni dhaifu nje ya mwili. Maji yanayochemka huviua. Damu ya kutia wagonjwa hutakiwa kupimwa kwanza sida, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Je, kila dispensari hushika sheria hizo kila siku? Hatuwezi kuapa. Ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kusema kwa upole: "Mama mwuguzi, naomba ufungue pakiti ya sindano mbele yangu." Si matusi. Mwuguzi mwema hufurahi, maana naye apenda kuonekana anafanya kazi safi. Kama sindano hakuna, yafaa ukanunue duka la dawa urudi nayo, kama wengi wetu tufanyavyo.

Hiyo ndiyo hofu yenye busara, na alama yake ni kwamba ina mwisho. Inauliza, inajibiwa, inaketi. Mtu amwona nyoka njiani, aruka, achukua fimbo, nyoka aenda, na mtu aendelea na safari yake hata kama moyo bado wamdunda. Hofu ya mwalimu ilikuwa ya namna nyingine. Kila jibu lilizaa swali. Kama ungalimfungulia pakiti mbele ya macho yake, angalisema: je, kama pakiti ilifungwa upya kiwandani?

Padri mmoja mzee aliyetufundisha filosofia alipenda kutuuliza: "Wewe, wajuaje ya kwamba mama yako ni mama yako?" Tulicheka. Kisha tulikaa kimya, kwa maana hakuna kati yetu aliyekumbuka siku ya kuzaliwa kwake. Tuliambiwa tu. Tuliambiwa na watu waliotupenda, wasio na sababu ya kutudanganya, na mambo mengine yote ya nyumbani yalipatana na neno lao. Padri akasema: hakika si ya namna moja. Ziko hakika za hesabu, kwamba mbili na mbili ni nne, na hizo haziwezi kuwa vingine. Iko hakika ya mambo ya ulimwengu, kwamba jiwe likiachwa litaanguka. Na iko hakika ya maisha ya watu, ambayo wanafilosofia huiita hakika ya kimaadili: si kwamba kinyume chake hakiwezekani hata kidogo, ila kwamba mtu mwenye akili hana sababu ya kweli ya kukifikiri, naye anaweza kutenda bila kuchelewa. Kwa hakika hiyo twaoa, twala chakula kilichopikwa na jirani, twapanda mtumbwi ziwani, na hakimu humhukumu mshitakiwa.

Aristoteli alikwisha kusema zamani ya kwamba mtu aliyeelimika hudai katika kila jambo hakika ile tu ambayo jambo lenyewe laweza kuitoa. Mwalimu wetu alidai hakika ya hesabu katika jambo la maisha. Mtu wa laboratori alimwambia "hakuna kitu", na kwa lugha ya laboratori neno hilo latosha kabisa. Kwa vipimo vya siku hizi miezi mitatu baada ya hatari ndio mwisho wa kungoja, na kwa vipimo vingine vya laboratori siku 45 zatosha. Lakini masikioni mwake lilifika neno moja tu: labda.

Mtu atatuuliza: lakini katika jambo la kufa na kupona, si haki kudai zaidi? Twamjibu: dai, lakini jua ya kwamba hayuko wa kukupa. Hata yule anayekataa sindano hajatoka katika hatari. Amebadilisha hatari tu. Kukataa ni tendo, nalo lina matokeo yake kama kukubali. Jambo hili tutaliona mbele kidogo, kwa uchungu.

Ugonjwa huu wa kudai hakika, Wakristu waliujua kabla ya sida, ila waliuona upande wa roho. Ignasi wa Loyola, mwaka 1522, aliungama dhambi zake zote pale Montserrat kwa siku tatu, tena kwa kuandika. Alipofika Manresa akaanza kufikiri: je, kama sikusema yote? Akaungama tena. Na tena. Padri alimwamuru asirudie mambo ya zamani isipokuwa yale yaliyo wazi kabisa. Lakini yeye aliyaona yote kuwa wazi kabisa, hata amri ile haikumsaidia neno. Aliteseka mpaka akajaribiwa kujitupa katika shimo lililokuwa karibu na mahali aliposali. Mwishowe aliazimu kutorudia tena kuungama mambo yale yaliyopita, na tangu siku ile akapumzika. Kwa Kilatini wasiwasi wa namna hiyo una jina lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kama kile kinachoingia kiatuni. Angalieni: dawa ya Ignasi haikuwa kuungama mara moja zaidi vizuri zaidi. Dawa ilikuwa kuacha. Kila mara alipoungama ili atulie, alikilisha kile kijiwe.

Vivyo hivyo mwalimu na vipimo vyake. Baadaye alituambia ya kwamba alihesabu: kipimo cha kwanza kilimpa utulivu wa siku 20, cha pili siku 9, cha tatu siku 2. Cha nne hakikumpa hata usiku mmoja.

Sasa tufike penye uchungu zaidi. Kwa nini sida? Koleo chafu laweza kuleta homa ya ini aina ya B kwa urahisi zaidi kuliko sida. Mwuguzi akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa sida asiyetumia dawa, hatari ya kuambukizwa ni kama 3 katika 1000. Kama ni damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, na mwuguzi hakuchanjwa, hatari yaweza kufika 30 katika 100. Tulimwuliza mwalimu kama aliwahi kuogopa homa ya ini. Alitutazama kana kwamba tumemwuliza habari za mwezi. Na malaria, je? Kwa wagonjwa wa malaria nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, nayo hulala naye chumba kimoja kila usiku. Chandarua cha nyumba yake kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Basi haikuwa hofu ya kufa tu. Malaria huua, lakini haileti aibu. Homa ya ini huua, lakini majirani hawasemi kitu. Sida huitwa jina lake kwa sauti ya chini, na watu humtazama mgonjwa kana kwamba wamesoma dhambi zake usoni. Mwalimu alikuwa akiogopa macho ya watu. Aliogopa kuonekana kama yule mtu mwembamba.

Yule mtu mwembamba twamjua. Ni mchoma makaa, moshi umemkaa kifuani miaka mingi. Kama ana virusi au hana hatujui, wala si kazi yetu kujua. Lakini tunajua neno moja: katika Misa, wakati wa kupeana amani, mwalimu aliacha kumpa mkono. Alitia mikono mfukoni. Mchoma makaa aliona, maana mtu huona jambo kama hilo hata likifanywa kwa siri, akahamia benchi la nyuma. Hakuna virusi vya sida vinavyopita katika kupeana mikono. Mwalimu mwenyewe huwafundisha watoto hivyo darasani. Na katika parokia yetu wamo watu wanaomeza dawa zao za sida kila siku, wanalima, wanasomesha watoto, na damu yao imetulia hata virusi havionekani katika vipimo; watu wa namna hiyo hawawaambukizi hata wenzi wao katika ndoa. Hofu ya mwalimu iliwahukumu hao wote bila kuwataja.

Nyumbani nako hofu ilifanya kazi yake. Mke wake alizikuta zile karatasi za vipimo, zimefichwa katikati ya kitabu cha hesabu. Alifikiri kama mke yeyote angalifikiri: mume asiyetoka nje, apimwe sida mara nne kwa nini? Mwalimu alieleza habari za koleo. Nani angaliamini? Mama huyo hakulia wala hakupiga kelele. Alihamishia mkeka wake chumba cha watoto.

Hofu ya namna hii ikiwapata watu wengi pamoja hutafuta pia mtu wa kumshitaki. Huko Libya, katika mji wa Benghazi, watoto zaidi ya 400 waliambukizwa sida hospitalini miaka ya 1990 kuelekea mwisho. Msiba huo ulikuwa wa kweli, hakuna aliyewaza bure. Lakini badala ya kutazama usafi wa vyombo, walikamatwa wauguzi 5 wa Bulgaria na mganga mmoja Mpalestina, wakasemwa wamewaambukiza watoto kwa kusudi, wakahukumiwa kifo. Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza virusi vyenyewe walionyesha ya kwamba vilikuwa vimekwisha enea hospitalini kabla wageni hao hawajafika nchini. Waliachiliwa mwaka 2007, baada ya miaka 8 gerezani. Wazazi wa watoto wale hatuwezi kuwalaumu kwa kulia. Twaona tu ya kwamba machozi nayo yaweza kumfunga mtu asiye na kosa.

Turudi kwetu. Miezi saba ilikuwa imepita tangu siku ya barazani. Usiku mmoja mtoto wa kiume wa mwalimu alibisha mlangoni kwetu akihema. "Mama anasema mje hospitalini. Baba amekataa."

Binti wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa na malaria. Tulimkuta kitandani, viganja vyake vyeupe kama karatasi, anavuta pumzi kama aliyekimbia. Mganga alikuwa amesema: damu, usiku huu huu. Na baba alikuwa amesimama mlangoni na ile karatasi ya ruhusa mkononi, hataki kutia sahihi. Alitueleza kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa. Alisema ya kwamba katika Kinshasa, miaka ya 1980, watoto waliotiwa damu kwa ajili ya malaria walipata sida kwa damu ile. Na hilo ni kweli, wasomaji. Waganga wenyewe waliliandika mwaka 1988. Aliyoyasoma yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ya kweli ya zamani, kabla ya damu kupimwa kila mahali.

Mama mwuguzi wa zamu alileta mfuko wa damu. Alimwonyesha nambari juu ya mfuko, akafungua daftari, akamwonyesha nambari ile ile na vipimo vinne mbele yake, na sahihi ya aliyepima. Mwalimu alisoma yote. Kisha akauliza: "Na kama aliyeandika alikosea?"

Mwuguzi alikuwa mtu mzima, amechoka. Alimjibu: "Mwalimu, mimi nimechomwa na sindano za wagonjwa mara mbili katika kazi hii. Mara ya pili nilimeza dawa siku 28, na kila siku nilikuja hapa kazini. Huyu mtoto hana siku 28."

Hatukuwa tumewahi kufikiri jambo hilo. Katika hospitali, anayechomwa zaidi na sindano zenye damu si mgonjwa, ni mwuguzi. Akichomwa yafaa aanze dawa ya kinga mapema, kabla ya saa 72 kupita, nayo humezwa siku 28. Wagonjwa humwogopa yeye. Hakuna anayemwuliza kama yeye anaogopa.

Mwalimu alisimama na karatasi mkononi. Sisi nasi tulisimama. Tungependa kuandika ya kwamba tulisema neno la hekima, lakini hatukusema kitu. Mama wa mtoto ndiye aliyeinuka kitandani pa binti, akaitwaa karatasi mkononi mwa mumewe, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, maana hakusoma sana. Damu ilianza kudondoka. Mwalimu alitoka nje. Tulimkuta penye bomba la maji, ananawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Mtoto alipona. Siku ya tatu alikuwa anaomba ndizi.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja kwetu bila kuitwa. Safari hii hakuanza na mvua. Aliuliza: "Je, nilitaka mtoto wangu afe?"

Swali hili halijibiwi kwa kumpigapiga mtu bega. Tulilifikiri pamoja naye jioni nzima. Seminarini tulifundishwa ya kwamba hofu kubwa hupunguza uhuru wa mtu, na kwa kadiri inavyopunguza uhuru hupunguza kosa. Hofu inayokuja bila kuitwa si dhambi, kama homa isivyo dhambi. Hatukuona ya kwamba alitaka kifo cha mtoto. Lakini tulimwambia pia tuliyoyaona kwa macho yetu: usiku ule alitazama mfuko wa damu, alitazama daftari, alitazama nambari, na kwa muda wote tuliokuwa pale hakumtazama mtoto hata mara moja. Labda hapo ndipo mlango wa kosa ulipo, kama upo: si katika kuogopa, ila katika kuiacha hofu ikae mahali pa yule tuliyepewa kumtunza. Na ni kiasi gani aliweza kufanya vingine, tulimwambia, sisi hatuna mizani ya kupima. Alilia. Tulimwomba radhi kwa neno letu la barazani, la upungufu wa imani, kwa sababu lile neno lilimfunga kinywa miezi saba, na katika miezi hiyo labda angalisaidiwa.

Msaada upo, jambo ambalo hatukulijua wakati ule. Wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa wenyewe, una waganga wake, nao huponyeka au hupungua sana. Katika Congo Mabruda wa Upendo wamejenga nyumba za kutunza wagonjwa wa nafsi: Sosame huko Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, na nyingine Lubumbashi. Watu wetu huogopa kuingia humo wasije wakaitwa wenda wazimu. Aibu nyingine tena. Mwalimu alikwenda katika nyumba kama hizo, mara ya kwanza usiku usiku ili asionekane.

Hawakumpa kwanza dawa ya kumeza. Walimpa kazi. Asipimwe tena. Asitazame ulimi kiooni. Wazo likija, aliache lipite kama gari la mizigo barabarani, asilisimamishe kulihoji. Tena asimwulize mtu yeyote kama anadhani yeye ni mzima, kwa maana jibu la "ndiyo, u mzima" hufanya kazi kama kipimo cha damu: hutuliza siku mbili, kisha huomba jingine. Na sisi tulio karibu naye tuliombwa tusimjibu.

Amri hiyo ya mwisho ni ngumu kwa katekista. Sisi tumefundishwa kufariji. Mtu akija mbele yako na macho yale, na neno moja tu latosha kumpa usingizi wa usiku huu, kumnyima neno hilo ni kama kumnyima maji mwenye kiu. Inatubidi kuamini ya kwamba ni mapendo, ingawa halina sura ya mapendo.

Amekwisha vunja amri mara mbili, alituambia mwenyewe. Alipimwa mara moja, na mara moja alimwuliza mganga. Mkeka wa mama umerudi chumba cha wakubwa. Mchoma makaa bado anakaa benchi la nyuma, na Jumapili hii mwalimu alikwenda huko nyuma wakati wa amani. Mkono wake ulitetemeka, tuliona. Baada ya Misa alitungoja mlangoni, akatutazama usoni, akafungua kinywa, akaanza: "Ndugu katekista, wewe waonaje, mimi..." Kisha akajikamata. Tukazungumza habari za mvua.